Nani ametumia zaidi kwa elimu, Kenya au Tanzania?

*"Mimi ni mwalimu wa sekondari. Wenzangu katika chama cha walimu wamenipa kazi ya kuandika kurasa mbili zinazolinganisha fedha ambazo serikali za Kenya na Tanzania zimetumia kwa elimu kuanzia 2003 hadi 2023. Nimekusanya takwimu kwa miezi miwili na sasa nimechanganyikiwa. Nikitumia asilimia ya bajeti, Kenya iko mbele sana. Nikigeuza kuwa dola, Kenya inaporomoka miaka ya mwisho kana kwamba imefunga shule. Nikitumia asilimia ya pato la taifa, ripoti ya zamani na ya sasa zinanipa namba mbili tofauti kwa mwaka uleule. Na Wizara ya Elimu ya Tanzania inaonekana kuwa na fedha kidogo mno, hata najiuliza walimu wanalipwa na nani. Je, ipo namba moja ya kweli? Na ni haki kuandika kwamba Kenya inajali elimu kuliko Tanzania?"*

Mwalimu, tulia kwanza. Hujakosea hesabu. Kila namba uliyoipata ni jibu la swali fulani, ila maswali yenyewe ni tofauti, nawe umeyaweka kwenye jedwali moja. Asilimia ya bajeti inaeleza elimu ina uzito gani mbele ya mambo mengine ambayo serikali inayagharimia. Asilimia ya pato la taifa inaeleza nchi imeielekeza elimu sehemu gani ya kila inachozalisha. Fedha kwa kila mwanafunzi, baada ya kuondoa mfumuko wa bei, ndizo zinazoeleza mtoto aliyeketi darasani amepata nini. Kwa karatasi ya chama cha walimu, mimi ningeijenga juu ya hilo la mwisho, na nitakueleza kwa nini. Ila kwanza tuikague mikanganyiko yako, maana mingi imeanzia kwenye vitabu vya hesabu za serikali wala haikuanzia darasani.

Nianze na Wizara ya Elimu ya Tanzania, kwa sababu hapo ndipo kosa kubwa kuliko yote hutokea. Ukifungua Fungu 46 la bajeti, yaani Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, hutamkuta mwalimu wa shule ya msingi wala wa sekondari. Mishahara yao hupitia halmashauri, chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, na utaikuta kwenye mafungu ya mikoa. Wizara yenyewe imebaki na sera, vyuo, ukaguzi, vyuo vikuu na mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Mtu akichukua Fungu 46 peke yake na kuiita "bajeti ya elimu ya Tanzania", ameacha nje sehemu kubwa ya elimu yenyewe. Kenya nayo ina mtego wa aina hiyo. Mishahara ya walimu iko kwa Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, ambayo ni tume ya kikatiba yenye fungu lake. Idara za serikali za elimu ya msingi, vyuo vya ufundi na elimu ya juu zina mafungu yao. Tena tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini vimo mikononi mwao, kwa hiyo matumizi hayo hayaonekani Nairobi kabisa. Na madarasa mengi yamejengwa kwa fedha za maendeleo ya maeneo bunge, CDF, ambazo pia zimeandikwa pengine.

Miaka iliyopita niliketi kwenye kikao ambapo taasisi moja iliwasilisha ulinganisho wa nchi hizi mbili, TSC ikiwa ndani kwa upande wa Kenya na halmashauri zikiwa nje kwa upande wa Tanzania. Wasikilizaji walitoka wakiamini kwamba Tanzania inatumia sehemu ndogo tu ya kile Kenya inachotumia. Iliniuma, kwa sababu walimu wa Tanzania waliokuwemo ukumbini walikubali picha ile kimyakimya. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote lingine, andika kwenye karatasi: ndani ya "elimu" nimeweka nini? Kisha hakikisha kila kilichoingia upande mmoja kimeingia na upande wa pili.

Ukishafanya hivyo, angalia pia kilichomo ndani ya "maendeleo". Tanzania imezoea kuweka mikopo ya wanafunzi wa vyuo vikuu kwenye matumizi ya maendeleo ya wizara. Msomaji akiona fedha za maendeleo zimepanda, anawaza madarasa na maabara, kumbe huenda ni ada na fedha za kujikimu za wanachuo. Sisemi mikopo haina maana. Nasema usiihesabu kuwa ni majengo.

Sasa asilimia ya bajeti. Katika mwaka wa fedha 2023/24 Kenya ilitangaza shilingi bilioni 628.6 kwa elimu, na ikasemwa kwamba hiyo ni takriban asilimia 27 ya bajeti. Lakini bajeti nzima ya mwaka ule ilikuwa zaidi ya trilioni 3.6. Gawanya mwenyewe: utapata kama asilimia 17. Hakuna aliyedanganya. Asilimia 27 ni ya fedha zinazogawiwa wizara, idara na taasisi za serikali kuu, baada ya kuweka kando malipo ya madeni, pensheni na mgao wa kaunti. Asilimia 17 ni ya bajeti nzima. Ukiweka 27 ya Kenya kando ya asilimia ya Tanzania iliyokokotolewa juu ya bajeti nzima pamoja na deni la taifa, umelinganisha mguu wa mtu mmoja na mkono wa mwingine. Tena kwa miaka ishirini jambo hili linazidi kuwa zito, maana deni la serikali zote mbili limekua. Serikali inaweza kuiongezea elimu kila mwaka na bado asilimia ikashuka kwa sababu wadai wamechukua zaidi. Mimi napendelea bajeti nzima, deni likiwemo, kwa sababu ndiyo inayoonyesha mwananchi kodi yake inaishia wapi. Lakini mtu anayetaka kujua waziri wa fedha amechagua nini katika kile alichobaki nacho mkononi ana haki ya kutumia ile nyingine. Chagua moja, isemee wazi, na uitumie kwa nchi zote mbili na miaka yote.

Kuhusu pato la taifa, kilichokupata kina jina. Mwaka 2014 Kenya ilibadilisha mwaka wa kizio wa takwimu zake, yaani mwaka unaotumika kama msingi wa kupimia uchumi, na pato la taifa la 2013 likaongezeka kwa takriban robo. Tanzania nayo ilifanya hivyo mwaka uleule, na ongezeko lake lilikuwa kubwa kidogo kuliko la Kenya. Hakuna kiwanda kilichojengwa usiku ule. Watakwimu walihesabu shughuli ambazo zamani hazikuhesabiwa vizuri. Nigeria ilipofanya hivyo, pia mwaka 2014, pato lake liliongezeka kwa asilimia 89, na Ghana mwaka 2010 kwa takriban asilimia 60. Fikiria sasa: fedha za elimu hazikubadilika hata senti, lakini zinagawanywa kwa namba kubwa zaidi, basi asilimia inashuka. Ndiyo maana ripoti yako ya zamani na takwimu za sasa zinatofautiana kwa mwaka uleule. Kanuni yake ni rahisi: usichanganye machapisho. Chukua mfululizo mzima wa pato la taifa kutoka toleo moja la karibuni, kwa nchi zote mbili, na ukokotoe asilimia mwenyewe. Kenya ilirekebisha tena mwaka 2021 na Tanzania 2019, kwa hiyo hata ripoti ya miaka kumi iliyopita imeshapitwa.

Dola ndizo zilizokupa mshtuko bila sababu. Mwaka 2018 dola moja ilikuwa kama shilingi 101 za Kenya, na katikati ya 2023 ilifika 140. Chukua shilingi bilioni 100: kwa bei ya kwanza ni dola milioni 990, kwa bei ya pili ni milioni 714. Zaidi ya robo imeyeyuka kwenye jedwali lako, na hali mwalimu wa Kisii au Garissa amepokea mshahara uleule kwa shilingi zilezile. Katika kipindi hichohicho shilingi ya Tanzania ilibaki kwenye mia mbili na mia tatu juu ya elfu mbili kwa dola, ndiyo maana mstari wake hauanguki. Na kuonyesha jinsi dola inavyoyumbisha, Januari 2024 shilingi ya Kenya ilikuwa karibu 160 kwa dola, na kufikia katikati ya mwaka ilikuwa imerudi karibu 130. Hakuna sera ya elimu inayoweza kupanda na kushuka hivyo kwa miezi sita. Kama ni lazima uweke nchi mbili kwenye sarafu moja, tumia viwango vya uwezo wa kununua vinavyotolewa na Benki ya Dunia, maana vinazingatia kwamba shilingi hununua vitu vya nyumbani kwa bei za nyumbani. Navyo ni makadirio, hurekebishwa kila utafiti mpya wa bei unapofanywa, lakini ni bora mara nyingi kuliko bei ya benki ya siku moja.

Tuje kwa watoto wenyewe. Hapa naomba usome polepole.

Sensa ya Tanzania ya 2012 ilihesabu watu milioni 44.9, na ya 2022 ikahesabu milioni 61.7. Ni ongezeko la asilimia 37 kwa miaka kumi. Kenya ilikuwa na watu milioni 38.6 mwaka 2009 na milioni 47.6 mwaka 2019, ongezeko la asilimia 23. Maana yake ni kwamba Tanzania ingehitaji kuongeza bajeti ya elimu, baada ya kuondoa mfumuko wa bei, kwa zaidi ya theluthi ili mtoto wa 2022 apate kilekile alichopata wa 2012. Ikiongeza kwa robo, waziri atasema bungeni kwamba bajeti imepanda, na atakuwa amesema kweli, huku kila mtoto akiwa amepungukiwa. Na hapo sijaongeza watoto ambao walikuwepo lakini hawakuwa shuleni. Kenya ilipofuta ada ya msingi Januari 2003, wanafunzi waliruka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 kwa mwaka mmoja. Tanzania iliyofuta mwaka 2001, kupitia Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ilitoka chini ya milioni 5 hadi karibu milioni 8 kufikia 2006. Fedha zilimiminika, na wanafunzi nao wakafurika.

Pia asilimia sawa ya pato la taifa haina maana kwamba watoto wamepata sawa. Pato la Kenya kwa kila mtu ni zaidi ya dola 2,000 kwa mwaka, la Tanzania ni takriban 1,200. Tuseme kila nchi imetoa asilimia 4. Kenya imetoa dola 80 kwa kila mtu wake, Tanzania 48. Juhudi ni ileile, matokeo mezani ni mbali kabisa. Na kwa kuwa Tanzania ina sehemu kubwa zaidi ya watu walio watoto, hizo 48 zinagawanywa kwa wanafunzi wengi zaidi. Mtu anayesema "tumefikia asilimia 4 ambayo Azimio la Incheon la 2015 liliweka kama kiwango cha chini" ametimiza ahadi ya azimio. Hajatuambia kama kuna kitabu.

Ukitaka mfano ambao kila mwalimu ataushika mara moja, tumia ruzuku ya kila mwanafunzi. Chini ya MMEM Tanzania iliahidi dola 10 kwa mtoto wa shule ya msingi, ambazo wakati ule zilikuwa kama shilingi 10,000. Ahadi ikaganda kwenye shilingi. Kufikia 2015 shilingi 10,000 zilikuwa karibu dola 5 tu, na bei za chaki na karatasi hazikusubiri. Kenya nayo ilianza na shilingi 1,020 kwa mtoto wa msingi mwaka 2003 na ikakaa hapo kwa zaidi ya miaka kumi, bei za vitu zikiongezeka zaidi ya mara mbili, kabla ya kupandisha hadi 1,420. Ndani ya jedwali la shilingi za kawaida, mistari hii miwili imenyooka kama rula. Ondoa mfumuko wa bei, yote miwili inateremka. Mimi ningeuweka mchoro huo ukurasa wa kwanza.

Lipo jambo ambalo wachambuzi wengi hulipita. Tanzania ilipoanza elimu bila ada hadi kidato cha nne, mwaka 2016, iliziondoa ada za shilingi 20,000 kwa shule za kutwa na 70,000 kwa za bweni, na Hazina ikaanza kuzilipa shule fidia ya ada hizo. Matumizi ya serikali yalipanda. Lakini shule ilipata shilingi ileile, isipokuwa sasa imetoka Hazina badala ya mfuko wa mzazi. Kwa mzazi maskini hilo ni jambo kubwa mno, na binti aliyekuwa akibaki nyumbani kwa kukosa elfu ishirini hawezi kuliita dogo. Ila usilisome kama nyongeza ya rasilimali darasani. Kenya ilipopandisha mgao wa sekondari ya kutwa hadi 22,244 kwa mwanafunzi mwaka 2018, sehemu ya fedha hizo ilikuwa ya aina hiyohiyo. Ukiweza kupata matumizi ya kaya kwa elimu kutoka tafiti za bajeti za kaya, ongeza safu moja ya jedwali. Kama huwezi, andika sentensi moja inayosema hivyo.

Ukitaka kutenganisha msingi na sekondari, jihadhari. Shule ya msingi ya Tanzania imekuwa miaka saba, ya Kenya chini ya mfumo wa zamani wa 8-4-4 ilikuwa minane. Darasa zima la watoto limehesabiwa msingi upande mmoja na sekondari upande mwingine. Kisha Januari 2023 Kenya ilianzisha sekondari msingi, na mtoto wa gredi ya saba, ambaye mwaka uliotangulia angehesabiwa darasa la saba kwa mgao wa 1,420, sasa ametengewa 15,042. Mstari wako wa "sekondari" utaruka juu. Kama huna muda wa kulipanga upya kwa umri wa wanafunzi, jumlisha msingi na sekondari pamoja, usiingie kwenye vita usivyoweza kushinda kwa kurasa mbili.

Miaka ya kipekee ipitishe na maelezo. Sehemu ya mkopo wa UVIKO-19 wa shilingi trilioni 1.3, wa mwaka 2021, ilijenga vyumba vya madarasa 15,000 Tanzania kwa mkupuo mmoja. Ukiufanya mwaka huo kuwa mwanzo au mwisho wa ulinganisho wako, utapata mwelekeo ambao haupo. Tumia wastani wa miaka mitatu mitatu. Na kila mahali unapoweza, chukua matumizi halisi badala ya makadirio yaliyopitishwa bungeni. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali Tanzania, na za Msimamizi wa Bajeti Kenya, ndizo za kuanzia.

Je, Kenya inajali elimu kuliko Tanzania? Nisingeiandika sentensi hiyo. Kenya inatumia zaidi kwa kila mwanafunzi, na hilo unaweza kulisema bila kusitasita, lakini sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni utajiri wa nchi na umri wa watu wake. Hata mazingira ya kufuta ada hayakuwa sawa: Tanzania ilimaliza masharti ya HIPC, mpango wa kuzipunguzia madeni nchi maskini, Novemba 2001 na kusamehewa sehemu ya madeni, nafasi ambayo Kenya haikuipata. Kama kuna kitu cha kupima dhamira, angalia kila nchi dhidi ya yenyewe. Je, sehemu ya bajeti yake yote iliyokwenda kwa elimu ilipanda au ilishuka baada ya kila ahadi kubwa, 2001, 2003, 2008 (Kenya ilipoanza kugharimia masomo ya sekondari ya kutwa), 2016? Hapo unaiuliza serikali kuhusu neno lake mwenyewe, na haina pa kujificha nyuma ya jirani.

Kwa kurasa mbili, haya yote ni kazi unayoiweza peke yako kwa jedwali la Excel na subira. Lakini kama chama kitaipeleka karatasi hii kwenye mazungumzo ya mishahara au mbele ya kamati ya bunge, usiende na hesabu za mtu mmoja. Tafuta mtakwimu au mhasibu anayezifahamu bajeti za serikali, kaeni siku nzima mkipitia fungu kwa fungu. Kwa upande wa Tanzania, mweka hazina wa halmashauri yoyote anaweza kukuonyesha kwa dakika ishirini mishahara ya walimu imeandikwa wapi. Kwa Kenya, peleka barua ofisi ya takwimu ya taifa, KNBS, uombe jedwali la matumizi ya elimu yanayojumuisha kaunti. Nenda na jedwali lako limechapishwa, na maswali yako yameandikwa pembeni mwa kila safu yenye shaka.